Samaki Wanaelea, Maji Yamebadilika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumnyooshea Mtu Kidole

Jirani yangu wa bonde la Mto Lukuledi, huku kusini mwa Tanzania, mzee mwenye bwawa moja la perege nyuma ya nyumba, alinigongea mlango saa 11 na nusu alfajiri. "Mwanangu, amka uone. Wamenimalizia samaki." Tukiwa njiani alikuwa tayari na jina mdomoni: kijana wa ng'ambo ya mfereji waliyegombana naye kwa ajili ya maji wiki iliyopita. Kwa mzee ilikuwa sumu, hakuna jingine.

Tulipofika nilipiga magoti ukingoni na kuwasha tochi. Perege wakubwa, wale wa kujaa kiganja, walikuwa wamegeuka matumbo juu, midomo wazi kabisa, mashavu yamefunuka. Wadogo walikuwa hai, wamejipanga kwenye ukingo, midomo nje ya maji, wakimezameza hewa. Chini kabisa kambale alipita taratibu, hana habari. Vyura walikuwa wanalia. Wale wadudu wa miguu mirefu wanaotembea juu ya maji walikuwa kazini kama kawaida.

"Mzee wangu," nilimwuliza, "sumu gani hii inayochagua perege wakubwa ikawaacha vyura na kambale?" Alinyamaza. Nikamwuliza hali ya hewa, akasema mawingu yametanda siku ya tatu. Nikamwuliza kama ameweka kitu bwawani. Alikuwa ametia magunia mawili ya samadi ya ng'ombe juzi yake, ili maji yawe ya kijani. Hakuna aliyemtilia sumu. Samaki wake walikufa kwa kukosa hewa.

Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa tuhuma za aina hii, na nimeona pia uchafuzi wa kweli ukipita bila kuulizwa kwa sababu watu walisema "ni mambo ya msimu tu." Ndiyo maana naandika haya. Maji yanasema chanzo chake, ila yanataka kuulizwa mapema, kabla jua halijapanda na kabla watu hawajaokota samaki wote.

Maswali ya kwanza

Kabla ya lolote, uliza mambo manne. Ilianza saa ngapi? Nani amekufa na nani amebaki? Siku tatu zilizopita kulikuwa na mvua, mawingu au upepo gani? Na juu ya hapa, yanakotoka maji, kuna nini: shamba la korosho, majaruba, machinjio, vyoo, gereji? Ukijibu manne hayo kwa uaminifu, nusu ya kazi imekwisha. Swali la pili ndilo zito kuliko yote, na ndilo watu wanaloruka.

Samaki wanahema juu ya maji alfajiri

Hiki ndicho kisa kinachojirudia kuliko vyote katika mabwawa yetu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mwani mdogo unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni mchana kukiwa na jua. Usiku hautengenezi, nao unavuta hewa ileile pamoja na samaki, matope na samadi inayooza. Kwa hiyo oksijeni hupanda mpaka alasiri, kisha hushuka usiku kucha, na saa 11 au 12 alfajiri inakuwa chini kuliko saa nyingine yoyote. Siku za mawingu mchana hautoi akiba ya kutosha, usiku unaanza na deni. Joto letu la pwani linaongeza tatizo, kwani maji yakipata moto hushika hewa kidogo. Maji baridi ya nyuzi 20 yanaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hayazidi 7 na nusu. Perege anastarehe kwenye 5 na kuendelea. Ikishuka chini ya 3 anaacha kula, na hapo ndipo utamwona juu.

Dalili za kukosa hewa ni hizi: wakubwa hufa kwanza, maana mwili mkubwa unahitaji hewa zaidi. Midomo hubaki wazi na mashavu hufunuka. Kambale hubaki hai, kwa kuwa ana kiungo cha ziada cha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja. Vyura na wadudu hawaguswi. Jua likishapanda, walionusurika hurudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo mwenye bwawa anapodanganyika. Kesho alfajiri yatamkuta yaleyale.

Cha kufanya saa hiyohiyo ni kuingiza maji mapya, na yaanguke kutoka juu yakipiga kelele, kwa sababu ule mrushoko ndio unaoingiza hewa. Mwenye pampu achote maji ya bwawa na kuyarusha juu yarudi bwawani. Asiye na pampu atumie ndoo, na watoto wa nyumbani wasaidie. Usiwape chakula siku hiyo, wala kesho yake. Samadi iliyobaki kwenye kizimba cha mbolea bwawani itoe. Usikoroge matope ya chini kwa nyavu ukidhani unasaidia: matope yale nayo yana njaa ya hewa, ukiyavuruga unawamalizia.

Kujua kama bwawa lako linaelekea huko, tumia mkono. Simama ukingoni saa 5 au 6 mchana, jua likiwa kali, nyoosha mkono ndani ya maji ukiwa umefungua kiganja. Kiganja kikipotea machoni maji yakiwa hayajafika kwenye kiwiko, kijani kimezidi. Acha samadi na punguza pumba. Kikipotea maji yanapogusa kiwiko, sawasawa. Ukiona kiganja vizuri hata kiwiko kikiwa kimezama, maji hayana chakula, unaweza kuongeza mbolea kidogo. Kipimo hiki hakigharimu kitu, nami nakiamini kuliko maneno ya muuza chakula. Kwa bwawa lisilo na mashine ya hewa, samaki wawili au watatu kwa mita ya mraba wanatosha. Tamaa ya kujaza ndiyo inayoua.

Kuna sura nyingine ya kisa hiki: mvua kubwa ya ghafla baada ya siku nyingi za joto. Maji ya juu yanapoa, yanazama, na ya chini yasiyo na hewa yanapanda. Samaki wanaweza kufa hata saa 10 jioni. Ukisikia harufu ya mayai viza bwawani mara baada ya mvua, ni hicho.

Wanahema juu, lakini ni mchana na jua linawaka

Hapa usikimbilie kusema hewa, kwa sababu saa 8 mchana katika maji ya kijani hewa iko tele. Mshtaki amonia, inayotoka kwenye kinyesi cha samaki na chakula kisicholiwa. Amonia ina sura mbili, moja laini na moja kali, na maji yakipanda uchungu wa magadi alasiri, kama yafanyavyo maji ya kijani, ile laini inageuka kali. Samaki wanakuwa wazito, wanajikusanya maji yanapoingilia, na matamvua, yale mekundu ndani ya mashavu, yanavimba.

Mshike mmoja umfunue mashavu. Matamvua yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, tatizo ni naitraiti, ndugu yake amonia, inayozuia damu kubeba hewa. Dawa yake iko karibu nasi kuliko tunavyodhani: chumvi. Chumvi ya kawaida kutoka mashamba ya chumvi ya huku kwetu, gramu 100 kwa kila lita 1,000 za maji, inazuia naitraiti isipite kwenye matamvua. Wakati huohuo badilisha robo ya maji na usimamishe chakula. Chumvi inakupa siku chache tu za kupumua. Kama hukupunguza chakula, tatizo litarudi.

Wamekufa wote, wakubwa kwa wadogo, na hata dagaa wa mfereji

Sasa ndipo neno sumu linapopata haki yake. Ukiona vifaranga wa samaki, kamba wa mtoni, viluwiluwi na wadudu wa majini wamekufa pamoja na wakubwa, tena saa yoyote ya mchana au usiku, kuna kitu kimeingia. Mara nyingi wadogo na kamba ndio hutangulia. Samaki wanaokufa kwa dawa za wadudu huzungukazunguka ovyo, wanashtukashtuka, wanaruka nje ya maji, wengine wanapinda mgongo.

Mikoa yetu ni ya korosho, na korosho zina dawa. Hapa inabidi tutenganishe mambo, maana watu wanaiita kila kitu "sulfa." Sulfa ya unga, ile ya manjano inayopulizwa kwa mashine kati ya mwezi wa 5 na wa 9 dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haiui samaki kwa kishindo. Ukiona vumbi la manjano limetanda juu ya bwawa lililo jirani na mikorosho, halipendezi, lakini silo lililoua usiku mmoja. Madhara yake ni ya polepole: mwaka baada ya mwaka sulfa inageuka asidi ardhini, na udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuizuia. Bwawa lililochimbwa chini ya shamba la namna hiyo linaweza kuwa na maji makali ambamo samaki hawakui. Maji ya samaki yanatakiwa kuwa na pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, kati ya 6.5 na 9. Yakiwa chini ya hapo, chokaa ya kilimo ndiyo tiba.

Dawa za maji za kuua wadudu ndizo za kuogopwa, hasa jamii ya pairethroidi. Kiasi kidogo sana, mabaki tu ya bomba la mgongoni, yanatosha kuua samaki na kamba wa dimbwi zima. Na ajali inavyotokea mara nyingi haina uadui wowote: mtu amemaliza kupulizia, amechoka, jua limezama, anateremka mfereji wa karibu kusuuza bomba na kunawa. Asubuhi mfereji mzima umenyamaza. Ukiwa na mashaka, panda mkondo kwa miguu. Tembea ukitazama maji mpaka ufike mahali ambapo wadudu na dagaa wako hai. Chanzo kiko kati ya hapo na mahali pa mwisho ulipoona mzoga. Mimi nimewahi kufuata mfereji kwa mwendo wa nusu saa nikakuta chupa tupu ya dawa imekwama kwenye mizizi, kifuniko pembeni, na aliyeitupa alipoulizwa hakujua kabisa kwamba maji yale yanaingia kwenye mabwawa ya wenzake.

Bomba lisuuzwe shambani, na maji ya kusuuzia yamwagwe palepale kwenye mikorosho, mbali na mkondo. Chupa zisitupwe korongoni, maana mvua za kwanza za mwezi wa 11 na 12 hubeba kila kilicholala tangu kiangazi. Ndiyo maana vifo vingi vya samaki hutokea mvua ya kwanza inaponyesha, hata kama dawa ilipulizwa miezi iliyopita.

Kisha kuna utupa. Ule mmea wenye maganda ya manyoya, unapondwa majani na kutiwa kwenye dimbwi la mto wakati maji yamepungua. Samaki huja juu wakihema kama waliokosa hewa, lakini ni mchana, na wadogo wamo. Tafuta majani yaliyopondwa au gunia lililofungwa kwenye jiwe. Sumu yake huvunjika kwa jua ndani ya siku chache, lakini dimbwi lile limekwisha, mbegu ya samaki imekwisha, na chini ya mto kuna watu wanachota maji ya kunywa. Kuvua kwa sumu, kama ilivyo kwa mabomu, ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003.

Samaki waliokufa kwa sababu usiyoijua wasiliwe. Naelewa uchungu wa kufukia kitoweo. Wafukieni, mbali na kisima.

Maji yamekuwa kama rangi ya kijani iliyomwagika

Mabwawani na kwenye maziwa madogo kama Rutamba, Lindi, au Kitere, Mtwara, mwisho wa kiangazi maji yanaposhuka na kutulia, huweza kutokea utando wa kijani ukingoni, mzito, kama mtu amemwaga kopo la rangi. Chota maji kwenye chupa ya kioo, iweke kivulini saa moja au mbili bila kuitikisa. Kijani kikishuka chini, ni mwani wa kawaida. Kikikusanyika juu, yaelekea ni bakteria wa kijani-bluu, na hao wengine hutoa sumu. Mbuzi na mbwa wanaweza kufa kwa kuyanywa. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo. Maji yanayochemshwa yanaweza hata kuwa mabaya zaidi. Chota mahali pengine, zuia mifugo, na toa taarifa. Chakula cha utando huo ni mbolea, kinyesi cha mifugo na sabuni, kwa hiyo ukuta wa majani mapana na miti ukingoni unasaidia kuliko dawa yoyote ya kutia majini.

Na kwa kuwa nimeitaja Rutamba, niseme jambo lililo moyoni. Rutamba na majirani zake Nambawala na Mitupa wana perege wa asili aina ya Oreochromis korogwe, ambaye nje ya maziwa haya ya Lindi anapatikana mbali sana, huko Tanga. Perege wa kigeni waliopandikizwa wanazaa naye na kumchanganya. Uchafuzi wa namna hii hauna harufu wala rangi. Ukisafisha bwawa lako au likafurika, usiachie samaki wa kununua waingie ziwani.

Mto umekuwa wa udongo, na ghuba imebadilika rangi

Mto kuwa wa kahawia baada ya mvua si ajabu. Ruvuma na Lukuledi zimebeba udongo tangu zamani. La kujiuliza ni muda. Mvua ikikatika, maji yanachukua siku ngapi kutakata? Kama zamani yalikuwa yanatakata siku ya tatu na sasa wiki mbili bado ni uji, ardhi ya juu imevuliwa nguo. Tazama mabonde yaliyofyekwa mpaka kwenye maji, mashimo ya mchanga, na mashamba ya mteremko yaliyolimwa kutoka juu kwenda chini badala ya kukatiza.

Udongo huo haupotei. Unashuka baharini, unalala juu ya nyasi bahari na matumbawe, unazuia mwanga. Tasi, samaki wa kila siku mezani kwetu, wanalisha kwenye nyasi hizo. Wavuvi wakikwambia tasi wamehama, mara nyingine jibu liko kilomita nyingi bara, kwenye mteremko uliochomwa moto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Pima kwa hatua zako kutoka ukingoni uone tunalima wapi.

Kuna mng'ao wa mafuta juu ya maji

Chukua kijiti, chokonoa ule mng'ao. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na vipande vikabaki mbalimbali, ni bakteria wa chuma; utaona na tope la rangi ya kutu karibu. Ni wa asili, hutokea sana kwenye chemchemi za udongo mwekundu, hawana madhara. Ukizunguka, ukajivuta na kujifunga tena, ni mafuta ya kweli: dizeli, petroli au oili ya injini. Bandarini na kwenye diko, chanzo kikubwa ni oili chafu inayomwagwa wakati wa kubadilisha. Dumu moja la kukusanyia, likikaa mahali pa wazi na mtu wa kulisimamia, linamaliza tatizo kwa sehemu kubwa.

Wakati wa kaskazi watu hupiga simu wakisema bahari ina michirizi ya rangi ya kahawia, kama vumbi la mbao limemwagwa mpaka mbali. Hayo si mafuta. Ni vijimea viitwavyo traikodesmiamu, vinavyoelea wakati maji ni ya moto na tulivu. Vikisukumwa pwani na kuoza vinatoa harufu na kugeuka rangi. Subiri upepo, usivue kamba wala chaza mahali hapo mpaka maji yatakate.

Mwani unageuka mweupe na kukatika

Akina mama wanaolima mwani katika pwani ya Lindi na Mtwara wanaujua ugonjwa huu: tawi linapauka, linakuwa laini kama lililochemshwa, kisha linakatika na kamba inabaki tupu. Wengi husema maji yamechafuliwa. Inawezekana, lakini anza na joto. Bamvua likitoa maji mbali na jua la mchana likapiga shamba la kina kifupi, mwani unachoka, na bakteria wanamalizia kazi. Mwani aina ya kotonii huumwa zaidi kuliko aina ya spinosamu.

Tazama umeanzia wapi. Ukianzia upande wa ufukweni, kwenye kina kifupi, ni joto. Ukianzia upande wa mdomo wa mto baada ya mvua kubwa, ni maji baridi yaliyopunguza chumvi. Ukiwa umefunikwa vumbi la tope na magugu ya nywelenywele yanayoota juu yake, ni udongo na maji kutotembea, hapo ndipo lawama ya uchafu inapokaribia. Vuna mapema ulio mzima, kata ulioumwa uutoe nje ya maji badala ya kuuacha unaelea shambani kwa jirani, na sogeza kamba kwenye kina ambacho bamvua halikiachi mkavu.

Mikoko inakauka, tope linanuka

Tope jeusi lenye harufu ya mayai viza chini ya mikoko ni la kawaida, ndivyo lilivyo. Wasiwasi uanze majani yanapogeuka manjano kwa eneo zima. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumua kwa mizizi inayochomoza juu kama penseli. Ukiona penseli hizo zimefunikwa na mchanga, au zimezama maji yasiyotoka hata maji yakipwa, miti inazibwa pumzi. Tafuta tuta: la shamba la chumvi, la barabara, au karavati lililoziba. Mara nyingi kufungua mfereji mmoja kunatosha kuirudisha, ilimradi matawi bado yana ubichi ukiyakwangua kwa kucha. Ukiona visiki, hapo ni shoka, na ukataji wa mikoko bila kibali umekatazwa.

Matumbawe meupe, au matumbawe yaliyovunjika

Wapiga mbizi wa pweza watakwambia "mwamba umekufa." Waulize: umesimama mweupe, au umelala vipande? Mwamba uliosimama mzima lakini mweupe ni joto la bahari, kama lile la mwaka 1998 lililogusa matumbawe ya Tanzania nzima. Matumbawe meupe bado hayajafa. Maji yakipoa ndani ya wiki chache yanaweza kurudi. Usiyakanyage, usiyatie nanga. Mwamba uliolala vipande vya ukubwa mmoja, kwenye shimo la duara, ni bomu. Na samaki wa bomu unamjua sokoni: mpasue, uti wa mgongo umevunjika, tumboni damu imevilia, nyama imelegea kabla ya wakati. Ukimkuta kwenye meza, usimnunue, umwambie muuzaji kwa nini.

Kuchukua sampuli, kama kisa kimekuzidi

Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Ofisi inafika siku ya nne, maji yameshapita, samaki wameoza. Kwa hiyo mara tu unapoona vifo, chota maji kwenye chupa mbili safi za kioo, moja mahali pa vifo na moja juu ya mkondo ambako samaki wako hai. Suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo kabla ya kujaza, jaza mpaka juu isibaki hewa, funga. Chukua samaki anayekufa, siyo aliyeoza, umfunge kwenye mfuko peke yake. Vyote uviweke kwenye barafu ndani ya boksi la samaki, visigande. Andika kwenye karatasi tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, na nani amekufa na nani amebaki. Piga picha.

Pitia kwa mtendaji wa kijiji na kikundi cha BMU, yaani cha usimamizi wa fukwe, kama ni pwani, afisa uvuvi wa wilaya, kisha Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini kwa mito na mabwawa, au NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama kuna kiwanda au shughuli kubwa. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, walinzi wa hifadhi ndio wa kuanza nao. Taja ulichokiona, na jina la mtu liache mpaka sampuli ijibu.

Mzee wa Lukuledi hakuhitaji sampuli. Asubuhi ile tuliteka ndoo mpaka jua lilipopanda, na alasiri nilimwona akivuka mfereji kwenda kwa yule kijana, mkononi ana perege watatu wabichi.